Makofi kwa Aliyeanguka



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, maji ya kunywa, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Mwezi huu tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya makofi. Msishangae. Tumefikia kuamini kwamba makofi ya watazamaji yanaweza kumsaidia mtu au kumdhuru, na kwamba sisi wazazi, makatekista, walimu na viongozi wa vijana tumeyatumia ovyo kwa muda mrefu. Jambo lililotufungua macho lilitokea mbali sana na hapa, katika mashindano ya baiskeli, nasi tulilitazama kwenye televisheni tukiwa tumekaa raha mustarehe.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 31 Julai 2022. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa inafanyika Birmingham, Uingereza, lakini mbio za baiskeli za ukumbini zilipelekwa London, katika ukumbi uleule uliotumika kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012.

Wengi wetu tunazijua mbio za baiskeli za barabarani. Hizi za ukumbini ni nyingine kabisa. Njia yake ni ya mbao za msonobari, urefu wake mita 250, nayo imezunguka kama bakuli refu. Kwenye kona mbao hizo zimeinuliwa hadi nyuzi 42, hata mtu akijaribu kuipanda kwa miguu huona kama anapanda paa la nyumba. Baiskeli zenyewe hazina breki. Pedeli na gurudumu la nyuma zimefungamana, kwa hiyo mwendeshaji hawezi kuacha kukanyaga na kuserereka tu kama tufanyavyo sisi tukishuka mlima. Gurudumu likizunguka, na miguu huzunguka. Katika mbio fupi mwendo hupita kilometa 70 kwa saa. Watazamaji wapatao 6,000 hukaa kuizunguka njia hiyo, wengine karibu kabisa na ukingo wake wa juu, wametenganishwa na waendeshaji kwa kizuizi kifupi tu. Kelele zao huwafuata waendeshaji kona kwa kona. Upande huu haujanyamaza, upande ule umekwisha kulipuka. Hatuna budi kukiri kwamba ni tamasha la kupendeza. Bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo, ambaye hakujua hata nani anashindana na nani, alikuwa amesimama mbele ya televisheni akiwahimiza vijana wa watu kwa Kisukuma.

Siku ile, katika mchujo wa mbio za kilometa 15 za wanaume, kundi likiwa linakaribia mwisho, baiskeli ziligongana. Mwingereza Matt Walls, bingwa wa Olimpiki aliyepata dhahabu yake huko Japani mwaka 2021, hakuanguka njiani kama wenzake. Mwendo ulimpandisha kona, akaruka kizuizi yeye na baiskeli yake, akawaangukia watazamaji. Matt Bostock wa Kisiwa cha Man na Derek Gee wa Kanada nao waliumia, na wote watatu walipelekwa hospitali. Miongoni mwa watazamaji walihudumiwa mtu mzima mmoja aliyekuwa akivuja damu mkononi na mtoto wa kike. Walls mwenyewe alitibiwa palepale kwa zaidi ya dakika 40 kabla ya kuondolewa. Kwa neema ya Mungu aliruhusiwa kutoka hospitali akiwa na nyuzi kwenye paji la uso na michubuko, bila madhara makubwa.

Sasa tuwatazame mashabiki. Shangwe ziligeuka mayowe, kisha ukimya. Wenye ukumbi wakaomba watu watoke nje ili waganga na wauguzi wafanye kazi yao, na maelfu ya watu waliokuwa wamelipa viingilio vyao wakatoka. Mbio zilizobaki za kipindi kile zikafutwa, na michezo ikaendelea jioni. Kwa watu waliokuwa wamelewa shangwe dakika moja tu kabla yake, kutoka vile ni kazi kubwa waliyoifanya kwa ajili ya majeruhi, ingawa hakuna atakayewapa nishani.

Sisi tuliokuwa mbele ya televisheni hatukufanya vizuri hivyo. Mmoja wetu alipaza sauti akitaka picha irudishwe tuone tena. Jioni yake picha hiyo ilikuwa imekwisha kuingia katika simu za watu, tukaitazama mara ya tatu na ya nne, tukionyeshana mahali hasa gurudumu lilipoacha mbao. Ni baadaye tu tulipojiuliza kama tungependa mama yake Walls atukute tukifanya hivyo.

Baada ya ajali ile, Laura Kenny, bingwa wa Olimpiki wa Uingereza ambaye naye alikuwa akishindana hapo, alisema kwamba mwendo umezidi kuwa mkali, kwamba namna waendeshaji wanavyolala juu ya usukani siku hizi inaongeza hatari, na kwamba pangekuwa na kinga ya kumzuia mtu asiruke hadi kwa watazamaji. Mwezi Desemba 2024, katika ukumbi huohuo, mwanamama Katy Marchant, aliyekuwa ametoka kupata dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka uleule, aligongana na Mjerumani Alessa-Catriona Pröpster, wakaangukia kwenye viti vya watu. Marchant alivunjika mkono, na watazamaji kadhaa wakahudumiwa. Habari ya kinga na kuta tunawaachia wenye kumbi. Sisi tunataka kuzungumzia kazi ya shabiki, kwa sababu hiyo ni yetu.

Turudi nyuma hadi Februari 2011, mjini Manchester, katika mashindano ya Kombe la Dunia la mbio za ukumbini. Zilikuwa mbio za keirin. Mchezo huu ulizaliwa Japani mwaka 1948: waendeshaji hutanguliwa na pikipiki inayoongeza mwendo kidogo kidogo, kisha pikipiki hutoka njiani na kuwaacha wenyewe wanyang'anyane nafasi, bega kwa bega. Karibu na mwisho waendeshaji kadhaa walianguka. Azizulhasni Awang wa Malaysia akasimama, akapanda tena baiskeli yake, akavuka mstari akiwa wa tatu na kupata shaba. Ukumbi ukampigia makofi. Ndipo ilipoonekana kwamba kibanzi cha mbao za njia ile, chenye urefu wa sentimeta 20 hivi, kilikuwa kimeingia upande mmoja wa shavu la mguu wake wa kushoto na kutokea upande wa pili. Tunasema kibanzi, lakini kwa ukubwa wake kilikaribia boriti.

Katika mkasa huo kuna mambo mawili kwetu. La kwanza ni la kitabibu na linafaa kujulikana na kila nyumba. Hakuna aliyekichomoa kibanzi kile pale uwanjani. Alipelekwa nacho hospitali, kikatolewa kwa upasuaji. Ndivyo inavyotakiwa. Kitu kilichomchoma mtu na kubaki mwilini, kiwe kijiti, kisu, nondo au spoku ya baiskeli, mara nyingi ndicho kinachoziba mishipa iliyokatika. Ukikichomoa, damu hububujika, na vipande vingine huweza kubaki ndani. Kiache mahali pake, kizungushie vitambaa safi pande zote ili kisitikisike, bonyeza kando yake kama damu inatoka, kisha mpeleke majeruhi hospitali. Na msisahau sindano ya pepopunda. Tunajua mikono ya watu wetu inavyowasha kuchomoa. Ijizuie.

Jambo la pili ni yale makofi. Picha ya Awang na kibanzi chake imeonyeshwa tangu hapo mara nyingi kama mfano wa ushujaa, nasi hatumlaumu kijana yule hata kidogo, kwani huenda hakujua lililompata mguuni. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu akianguka ghafula, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, misuli hupata damu zaidi, na maumivu hufichika kwa muda. Mwenyezi Mungu ametujalia jambo hilo ili tuweze kuikimbia hatari, lakini lina gharama yake: katika dakika chache baada ya kuanguka, majeruhi ndiye anayejua kwa uchache kuliko wote jinsi alivyoumia. Akisema "sijaumia" hasemi uongo. Hajui. Ukiongeza kelele za watu 6,000, au hata za watu 60, basi hata fahamu ndogo iliyobaki inazimwa. Hataki kuwaangusha. Atasimama hata kama mfupa wa mtulinga umekatika.

Kwa hiyo shabiki anayepiga makofi mtu anapojiinua kutoka ajalini anamshauri mgonjwa jambo la kitabibu, na anamshauri bila kumpima.

Pengine mtasema kwamba tunawasema Waingereza kwa mambo ya Waingereza. La hasha. Tunajisema wenyewe. Mwaka 2019, katika sikukuu ya somo wa parokia yetu, VIWAWA waliandaa mbio za baiskeli kutoka kanisani hadi kigango cha jirani na kurudi. Baiskeli zilikuwa zetu za kila siku, Phoenix zilizong'olewa keria na madigadi ili ziwe nyepesi, na baadhi ya vijana walikuwa wamefungua hata breki, maana breki, wasema, humfanya mtu awe mwoga. Watu walijipanga kandokando ya njia wakiwa na ngoma na vigelegele. Kwenye kona ya mwisho, penye mchanga karibu na kisima, kijana wa miaka 16 aliteleza na kuangukia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Hakuna aliyekuwa nayo. Alilala pale bila kutikisika kwa muda wa kusali Salamu Maria moja hivi.

Sisi tulikuwa tumesimama palepale. Wengine wakamwagia maji kichwani. Wengine wakamshika mikono wakamvuta. Na sisi, tunaowaandikia ukurasa huu wa afya mwezi hata mwezi, tulipaza sauti pamoja na wote: "Amka, baba! Jikaze! Wewe si mwanamume?" Akaamka. Akapanda baiskeli, akayumba, akaenda, tukampigia makofi kuliko tuliyompigia mshindi. Alifika wa tano. Tulimpa soda na rozari kwa ajili ya moyo wake wa kutokata tamaa.

Saa moja jioni mama yake alikuja amejifunga kanga kiunoni. Alisema mwanawe ameuliza mara nne kama mbio zimeshaanza. Ametapika mara mbili na anataka kulala tu. Tulimpeleka zahanati, Sista akamtazama mboni za macho kwa tochi, akasema aende hospitali ya wilaya usiku uleule. Gari likapatikana saa nne. Alilazwa siku tano, na tunamshukuru Mungu alipona, lakini maumivu ya kichwa yalimsumbua muhula mzima, na masomo ya mwaka ule yakamshinda. Sista alituuliza swali moja tu: "Alipoanguka, nani alikuwa naye?" Tukajibu, "Sista, tulikuwapo watu zaidi ya mia mbili." Hakusema neno jingine, akaenda kumwandikia kijana karatasi ya rufaa.

Kilichompata kijana yule huitwa mtikisiko wa ubongo. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kikigonga chini, ubongo nao hutikiswa ndani, hata kama ngozi haikuchubuka na hakuna tone la damu. Si lazima mtu azimie. Anaweza kusimama, kuzungumza, kuendesha baiskeli na kucheka, na bado akawa ameumia. Ndiyo maana chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli kiliweka utaratibu maalumu wa kuwapima waendeshaji wanaogonga kichwa, ukaanza kutumika mwaka 2021, na anayeonekana kuwa na dalili hizo haruhusiwi kuendelea na mbio. Hayo ni kwa watu wenye madaktari wa timu na kofia za bei kubwa. Sisi tusio na vitu hivyo tunahitaji kuwa waangalifu zaidi yao. Lakini siku ile tulikuwa wazembe kupita kiasi.

Sheria yetu iwe rahisi: aliyegonga kichwa hachezi tena siku hiyo, hata kama anasema yu mzima, hata kama ndiye aliyekuwa anaongoza, hata kama baba yake anataka. Asiachwe peke yake kwa siku moja au mbili. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kumuuma, akichanganyikiwa au kurudiarudia swali, akiwa mzito kuamshwa, akipata degedege, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au damu au maji yakimtoka puani au masikioni, asingojewe hadi asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo. Na asipewe pombe, wala dawa ya usingizi, wala ushauri wa mtu aliyewahi kuanguka akapona bila kwenda popote. Huyo wa mwisho yuko katika kila kijiji na ana sauti kubwa.

Tukumbuke pia mgongo na shingo. Kristina Vogel wa Ujerumani alikuwa amepata dhahabu mbili za Olimpiki na mara 11 kuwa bingwa wa dunia katika mbio hizi za mbao. Tarehe 26 Juni 2018, akiwa mazoezini mjini Cottbus, aligongana kwa mwendo mkali na mwendeshaji mwingine. Uti wa mgongo ulikatika, naye tangu siku ile anatumia kiti cha magurudumu. Pale hapakuwa na umati wa kumwambia ainuke. Walikuwapo watu waliojua kwamba hatakiwi kuguswaguswa. Majeraha kama lake mara nyingine hutokea yote wakati wa kuanguka. Lakini mara nyingine mfupa huwa umevunjika na uti wenyewe bado ni mzima, na kinachoukata ni mikono ya wenye huruma: mmoja avute kwapa la kulia, mwingine la kushoto, watatu amkunje miguu na kumtupa nyuma ya pikipiki. Aliyeanguka vibaya na analalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, asisogezwe isipokuwa pana moto, maji au magari. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishike kwa mikono miwili kisigeuke, aongee naye kwa upole. Wengine waite msaada, wamfunike kanga asipate baridi. Waliobaki, na ndio wengi, warudi nyuma hatua kumi wampishe apate hewa.

Kurudi nyuma hatua kumi! Hilo ndilo lile lililofanywa na mashabiki wa London, nasi tunaliona kuwa gumu kuliko kutoa mchango.

Tunajua pingamizi litakalokuja, maana tulilisikia hata katika kikao cha wazazi. Mzee mmoja tunayemheshimu alituambia: "Mkiwalea vijana hivi watakuwa legelege. Sisi tulianguka, tukajipangusa vumbi, tukaenda." Kuna ukweli katika neno la mzee. Mtoto aliyechubuka goti hahitaji gari la wagonjwa, na mzazi anayekimbilia kila kilio atamlea mwoga. Mtume Paulo mwenyewe alipenda kutupa mfano wa mkimbiaji anayejinyima na kuvumilia. Lakini uvumilivu anaousifu ni wa mtu anayejua anachovumilia. Kijana ambaye ubongo wake umetikisika havumilii kitu, amepotewa na fahamu zake, nasi tunamtumia. Vilevile, yule Msamaria wa Injili hakumwambia aliyejeruhiwa ajikaze. Alishuka, akamfunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akalipa gharama. Alikosa tu watu wa kumpigia makofi.

Na kama kuna anayedhani kwamba Kanisa halina la kusema kuhusu wapanda baiskeli, basi ajue kwamba kaskazini mwa Italia, juu ya kilima karibu na ziwa Como, lipo kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani yake zimetundikwa baiskeli na fulana za mabingwa. Katikati ya hizo ipo baiskeli iliyopondeka. Ni ya Fabio Casartelli, kijana wa pande zilezile, aliyepata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1992 na kufariki kwa kuumia kichwa tarehe 18 Julai 1995 katika mbio za kuzunguka Ufaransa. Zile ni mbio za barabarani, na hakuwa amevaa kofia ngumu, kwa kuwa wakati ule haikuwa lazima. Imekuwa lazima kwa waendeshaji wa kulipwa tangu mwaka 2003. Tunapenda kufikiri kwamba waliotundika baiskeli ile iliyopondeka pembeni ya zile za washindi walielewa jambo ambalo sisi pale kisimani hatukulielewa.

Jambo jingine juu ya Awang. Mwaka 2017 alikuwa bingwa wa dunia wa keirin, na mwaka 2021 akapata fedha ya Olimpiki. Halafu mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo wake ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa, akakubali kufanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo. Aliacha mbio, akapasuliwa, akapumzika, akaanza upya taratibu, na mwaka 2024 alikuwa tena kwenye Olimpiki mjini Paris. Kwa maoni yetu, kulala juu ya meza ile ya upasuaji wakati yu bado mmoja wa walio bora duniani kulitaka moyo mkuu zaidi kuliko kuvuka mstari na kibanzi mguuni. Ukumbi wa Manchester ulishangilia lile la kwanza. Hilo la pili lilifanyika kimya, pamoja na mkewe na watoto na wauguzi.

Ndiyo maana tumependekeza kwa halmashauri ya parokia, nao wamekubali, kwamba katika mbio za sikukuu yetu mambo yabadilike kidogo. Hakuna baiskeli isiyo na breki. Kofia ngumu zitaazimwa kwa vijana wa bodaboda. Ni kubwa na nzito, lakini ni bora kuliko kichwa kitupu. Kwenye kila kona ya mchanga watasimama watu wawili waliofunzwa huduma ya kwanza na Sista, mmoja akiwa na filimbi. Filimbi ikilia, ngoma zinyamaze na watu warudi nyuma. Makofi yatapigwa kwa yeyote atakayekubali kuketi na kutazamwa, naye atapewa soda na rozari sawa na watakaomaliza. Katibu wa VIWAWA aliuliza kama soda zitatosha. Zitatosha.

Wanaotaka kujifunza huduma ya kwanza wampe Sista majina yao baada ya Misa ya pili. Tayari wako 9, wengi wao akina mama wa WAWATA, na tungependa kuona na akina baba. Machela ya zahanati imechanika turubai upande wa kichwani. Fundi cherehani amekubali kuishona bila malipo akipata kipande cha turubai cha mita mbili, kwa hiyo mwenye nacho akifikishe kwake kabla ya siku ya mazoezi. Yule kijana wa kisimani, ambaye sasa ni mtu mzima, ndiye atakayeshika kipaza sauti.